Nani Alisikia kwa Nani: Nilivyosoma Vitabu vya Vita vya Majimaji

Chukua kitabu chochote cha historia ya Tanzania kilicho karibu nawe, fungua penye Vita vya Majimaji, vile vya watu wa kusini dhidi ya utawala wa Wajerumani kuanzia 1905 hadi 1907, tafuta idadi ya waliokufa. Aghalabu utakuta mojawapo kati ya hizi mbili: 75,000, au 250,000 hadi 300,000. Sasa tafuta mwandishi kaipata wapi. Kazi yangu ya miaka ile ilianzia hapo, na hata leo, nikiwa mwalimu wa sekondari, macho yangu hukimbilia chini ya ukurasa, kwenye tanbihi, kabla ya kusoma kilichoandikwa juu.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili. Mada yangu ilikuwa njaa iliyofuata vita, hasa katika bara ya Kilwa na milima ya Umatumbi, kule ambako Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima na moto ukawaka. Nilikuwa na hamu ya kwenda moja kwa moja kwenye majalada ya Kijerumani, Nyaraka za Taifa pale Upanga. Msimamizi wangu akanizuia. "Kwanza niambie waliokutangulia wamesema nini," akasema, "na wamesema kwa kutegemea nini. Majalada hayakimbii." Basi nikapewa muhula mzima wa kukaa na vyanzo vya upili, yaani vitabu, makala na tasnifu za watu ambao hawakuwepo vita vikipiganwa, wakaandika kwa kutegemea waliokuwepo au waliosikia.

Mbinu iliyonifaa zaidi haikutoka darasani. Nimekulia Kilwa, na utotoni nilisoma madrasa kwa maalim aliyekuwa mkali wa hadithi za Mtume. Ukimletea hadithi, hakuanza kuuliza kama maneno yake ni mazuri. Aliuliza isnadi: nani kapokea kwa nani, na je, hao wawili waliwahi kukutana? Akiona mpokezi mmoja hajulikani, au kazaliwa baada ya kufa yule anayedai kumsikia, mnyororo umekatika. Na hadithi ikija kwa njia kumi, zote zikarudi kwa mpokezi mmoja, hakukubali uzihesabu kuwa mashahidi kumi. Nilichofanya ni kuihamishia maktaba tabia ya maalim wangu. Nilichora mstari katikati ya kila ukurasa wa daftari langu kubwa. Upande wa kushoto niliandika kinachodaiwa, wa kulia niliandika kimepokewa kwa nani. Baada ya muda upande wa kulia ukawa na majina yale yale machache.

Nilianzia mwisho. Wanafunzi wengi huanza na kitabu cha zamani kwa kudhani kilicho karibu na tukio ndicho kilicho karibu na ukweli. Mimi nilianza na mkusanyiko wa makala uliohaririwa na James Giblin na Jamie Monson, uliotoka 2010, kwa sababu aliyeandika karibuni amelazimika kuwajibu waliomtangulia. Ndani yake unawaona wanahistoria wakivutana mashati, na ugomvi wao ni ramani nzuri kuliko orodha yoyote ya katalogi. Tanbihi zake zikanirudisha kwa Felicitas Becker (2004), kwa Monson mwenyewe (1998), kwa Thaddeus Sunseri (1997 na 2000), kwa Patrick Redmond (1975), mpaka kwa John Iliffe na makala yake ya 1967 kuhusu jinsi vita vilivyopangwa na kuenea. Kila nilipokuta jina linalotajwa na watu wasiokubaliana, nilijua huyo lazima nimsome mwenyewe, nisimsome kwa mdomo wa mwingine.

Turudi kwenye idadi. Iliffe, katika historia yake kubwa ya Tanganyika iliyochapishwa 1979, anataja 250,000 hadi 300,000, pengine theluthi moja ya watu wa eneo la vita, na anasema wazi kwamba hilo ni kadirio la Gwassa. Gilbert Gwassa ndiye aliyeandika tasnifu ya udaktari juu ya kuzuka na kuenea kwa vita hivyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, 1973. Nilipofuata vitabu vya shule, makala za magazeti, maandiko ya makumbusho na kurasa za mtandaoni zilizokuwa na idadi hiyo, zile zilizotaja chanzo zilirudi kwa Iliffe, na Iliffe akanirudisha kwa Gwassa. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 kuomba msamaha, vyombo vya habari vya dunia nzima viliandika kwamba waliokufa walifika hadi 300,000. Ukizipanga habari zile mezani zinaonekana nyingi sana. Mpokezi wa kwanza ni mmoja.

Simaanishi kwamba Gwassa alikosea. Alizungumza na wazee waliovikumbuka vita, na kadirio lake linahesabu kitu ambacho takwimu rasmi ya Wajerumani, ile 75,000, haikuwa na sababu ya kukihesabu vizuri: watu waliokufa kwa njaa baada ya maghala na mashamba kuchomwa moto kwa makusudi. Serikali iliyotumia njaa kama silaha haiendi kijijini mwaka unaofuata kuhesabu makaburi. Ninachosema ni kwamba neno "kadirio" lilidondoka njiani. Gwassa alikadiria, Iliffe akasema Gwassa alikadiria, kitabu cha shule kikasema "inakadiriwa", gazeti likasema "walikufa". Na katika ile safari, 250,000 nayo ikaachwa nyuma, ikabaki 300,000 peke yake, kwa kuwa namba kubwa hukaa vizuri zaidi kwenye kichwa cha habari.

Linganisha na upande wa pili. Wazungu waliokufa wanatajwa kuwa 15, na askari na wasaidizi wao Waafrika 389. Hakuna "kama", hakuna "takribani". Walihesabiwa mmoja mmoja kwa sababu walikuwa kwenye daftari la mishahara. Nikiwa na namba mbili ukurasa mmoja, moja imekamilika hadi mtu wa mwisho na nyingine imezungushwa hadi maelfu, siku hizi nauliza kwanza nani alikuwa na karani.

Mnyororo ukishapatikana, linakuja swali la pili: aliyeandika alikuwa wapi na alitaka nini. Mfano mzuri kuliko wote ni Graf von Götzen. Huyu alikuwa gavana kuanzia 1901 hadi 1906, pamba ya kulazimishwa ilipandwa mikononi mwake, vita vikazuka mikononi mwake, na 1909 akachapisha Berlin kitabu kizima juu ya vita hivyo. Wanafunzi hubishana kama ni chanzo cha msingi au cha upili. Ni vyote viwili, inategemea unamuuliza nini. Ukimuuliza amri gani zilitolewa, ni shahidi. Ukimuuliza kwa nini watu waliasi, ni mshitakiwa anayejitetea miaka mitatu baada ya kuondoka ofisini. Sunseri, katika makala yake ya 2000, anaeleza jinsi hadithi ya njama za waganga ilivyomfaa gavana: kama chanzo ni waganga, basi si pamba, si kodi, si viboko. Jambo linaloshangaza ni kwamba picha ile ya harakati moja kubwa iliyopangwa pamoja iliendelea kuishi, ila ikabadilishwa rangi. Kilichokuwa njama kwa gavana kikawa umoja wa kitaifa kwa waandishi wa baada ya uhuru.

Hapa ndipo mwaka wa kuchapishwa unapokuwa habari yenyewe. Mwalimu Nyerere aliwaeleza wajumbe wa Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kwamba wazee wetu wa Majimaji walipigana kwa kukataa kutawaliwa, na kwamba TANU, chama chake cha kudai uhuru, ilikuwa inaendeleza njia nyingine ya dai lile lile. Uhuru ukaja 1961. Profesa wa kwanza wa historia pale Dar es Salaam, Terence Ranger, akachapisha 1968 hoja kwamba kuna uhusiano kati ya mapambano ya mwanzo dhidi ya wakoloni na vyama vya uhuru vya baadaye. Mwaka huo huo wanafunzi wa chuo walitumwa wilayani kuwahoji wazee, mradi uliozaa makusanyo makubwa ya mahojiano, na Gwassa na Iliffe wakatoa kijitabu cha kumbukumbu za vita kilichochapishwa Nairobi. Azimio la Arusha, lile la siasa ya ujamaa, lilikuwa na mwaka mmoja. Nchi changa ilikuwa inatafuta mababu waliowahi kusimama pamoja, na Majimaji, yaliyoanza Umatumbi yakafika Ungindo, Uzaramo, Mahenge hadi Ungoni, yaliwapa mababu hao.

Je, kwa hiyo tuwatupe? Hasha. Bila wale wanafunzi wa 1968, sauti za wazee wale zingezikwa nao, na hakuna mtafiti wa leo anayeweza kwenda kuzichukua upya. Msimamizi wangu, ambaye hakupenda tabia ya vijana kuwadharau waliotutangulia kwa neno "wazalendo", alikuwa akisema kitabu chenye upendeleo unaoujua ni salama kuliko kitabu ambacho hujui kinaegemea wapi. Nakubaliana naye, na naongeza kwamba vitabu vipya navyo vina mwaka wa kuchapishwa. Vya miaka ya 1990 na kuendelea vinapenda mipasuko, mambo ya kienyeji, jinsia, misitu. Kila kizazi huja na kiu yake.

Redmond ndiye aliyenifungua macho kwa upande wa Ungoni. Mwaka 1975 aliipitia upya kazi iliyokuwepo, pamoja na utafiti wa O. B. Mapunda na G. P. Mpangara uliochapishwa 1969, akaonyesha kwamba watawala wa Kingoni walikuwa na sababu zao wenyewe, za kutaka kurudisha mamlaka waliyonyang'anywa. Becker, akiandika juu ya kusini mashariki, anawaleta wakubwa wa biashara ambao heshima yao ilitikiswa na utawala mpya. Ukiviweka vitabu hivi kando ya vile vya 1968, swali linageuka. Badala ya "nani mkweli?", unauliza "huyu amesimama wilaya gani?" Aliyesimama Nandete anaona pamba. Aliyesimama Songea anaona nkosi, yaani mtawala wa Kingoni, aliyepoteza raia wake. Makosa mengi niliyoyaona kwenye tasnifu za wenzangu yalikuwa ya namna hiyo: sentensi iliyoandikwa juu ya Umatumbi inachukuliwa na kuvalishwa kusini yote.

Kuna pia vitu ambavyo kitabu hakivisemi. Hili ni gumu kulifundisha kwa sababu huwezi kulipigia mstari. Nilisoma maandiko mengi juu ya sababu za vita kabla ya kufika kwenye makala ya Sunseri ya 1997 kuhusu Uzaramo, yenye nguruwe mwitu kwenye kichwa chake. Nilicheka. Kisha nikaisoma. Wanaume waliondoka kwenda vibarua, wanawake wakabaki na mashamba, na nguruwe wakala mazao usiku kwa sababu mpangilio wa zamani wa kuwawinda ulivurugika. Bibi yangu angeielewa makala ile bila kufafanuliwa. Nikarudi kwenye vitabu vya awali kutafuta wanawake, nikawakuta wamekaa pembeni, wakitajwa kama waliopika au waliotekwa. Tangu hapo, nikimaliza kitabu naorodhesha nyuma ya daftari watu ambao lazima walikuwepo lakini hawakupewa hata sentensi.

Nilipofika mwenyewe Umatumbi, nilikutana na jambo ambalo maalim wangu angelifurahia. Mzee mmoja, baada ya shikamoo na kukaribishwa mkekani, alinisimulia habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, yule mganga aliyewapa watu dawa ya maji kabla ya vita: alivyochukuliwa na pepo Hongo akaingia bwawani, watu wakamtafuta, kesho yake akatoka na nguo zake kavu. Alisimulia vizuri mno. Mpangilio wake ulikuwa ule ule wa kitabu, jambo kwa jambo. Nikamuuliza kwa adabu, "Babu, haya uliyapokea kwa nani?" Akajibu bila kusita, "Kwa baba yangu, mjukuu wangu. Na mwanangu ni mwalimu, naye hunisomea." Kumbe chanzo cha upili kilikuwa kimeshapanda mlima kabla yangu, kimekaa mkekani, kimechanganyika na cha msingi.

Sikuyatupa mahojiano yale. Nilibadilisha maswali. Nikaacha kumuuliza habari za Kinjikitile, ambazo kila mtoto wa shule anazijua, nikamuuliza baba yake alikula nini mwaka wa njaa. Hapo sauti ikabadilika, akawa anakatiza, anarudi nyuma, anabishana na mkewe aliyekuwa anachambua mboga karibu. Wakanitajia ming'oko, ile mizizi ya mwituni, jinsi ya kuichimba, na nani katika ukoo aliachwa njiani. Katika vitabu nilivyokuwa nimevisoma hayakuwemo hayo. Naamini ukivijua vitabu vizuri ndipo unapoweza kutambua mzee anaposema lililo lake. Aliyeingia kijijini bila kuvisoma angeandika hadithi ya bwawa na kurudi mjini akifurahi kwamba simulizi na kitabu vinathibitishana.

Jambo linalofanana na hilo ni tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969. Wanafunzi wangu huiingiza kwenye insha za historia kama ushahidi, kwa kuwa wameisoma kwenye fasihi. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, na hata jina aliliandika tofauti na lile la Gwassa. Hilo la tahajia, kwa njia, si dogo ukiwa unatafuta kwenye katalogi. Jaribu Majimaji, Maji Maji na Maji-Maji, Kinjikitile na Kinjeketile, Chabruma na Shabruma. Kila umbo hufungua rafu tofauti.

Kuhusu kuvipata vitabu vyenyewe, nitasema machache. Kitengo cha East Africana cha maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina vitu ambavyo huvikuti kwingine, tasnifu za zamani zikiwemo, na mkutubi mzoefu wa kitengo kama hicho ni hazina kuliko kompyuta. Msalimie, mweleze unachotafuta kwa sentensi mbili, kisha nyamaza umsikilize. Jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza 1936, lina makala za maofisa wa Kiingereza kama ile ya R. M. Bell ya 1950 juu ya Liwale. Wengi hulidharau kwa sababu ya waandishi wake, lakini Bell aliandika wakati watu wazima waliopigana walikuwa bado hai. Tasnifu ya Gwassa ilikuja kuchapishwa Köln mwaka 2005. Vitabu vya wachapishaji wa Ulaya bei yake inamshinda mwalimu, kwa hiyo nimejifunza kumwandikia mwandishi mwenyewe barua pepe fupi yenye heshima. Wengi hutuma makala bila malipo, na baadhi hukuongezea nyingine usiyoijua. JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma, nayo huruhusu kusoma makala kadhaa bure mtandaoni ukijisajili.

Kabla ya kutumia nguvu kwenye kitabu kizima, natafuta mapitio yake kwenye majarida, mawili au matatu yaliyoandikwa na watu wa nchi tofauti. Mapitio ya kusifu tu hayanisaidii. Ninatafuta ile aya moja karibu na mwisho ambapo mhakiki anasema "hata hivyo". Kisha nafungua tanbihi na kuangalia mambo mawili: ametumia majalada ya wapi, na amezungumza na nani. Mtu anayeandika juu ya njaa ya kusini bila jalada hata moja la Dar es Salaam au la Berlin, na bila mahojiano, anatoa muhtasari wa wengine. Muhtasari si dhambi, mradi usiuhesabu kama shahidi mpya.

Siku hizi kuna balaa jipya. Kijana mmoja wa kidato cha sita aliniletea insha yenye rejea nzuri ajabu: jina la mwandishi wa kweli, mwaka unaoelekea, jarida la kweli, hata kurasa. Nilizitafuta rejea mbili kati ya hizo kwenye orodha ya jarida lenyewe, hazikuwepo. Programu ya akili mnemba ilikuwa imezitunga. Hata wapokezi wa uongo wa zamani walijitahidi kidogo. Walau walikuwa watu. Sasa nawaambia wanafunzi kitu kimoja: usiniandikie kitabu ambacho hukukishika mkononi au kukifungua kwenye skrini, na kama umekisoma kupitia kwa mwingine, mtaje huyo mwingine. Wanalalamika kwamba orodha zao zimekuwa fupi. Zimekuwa fupi kweli.

Rafiki yangu tunayefundisha naye hunitania kwamba nimeharibu starehe ya kusoma. Aliniuliza juzi, darasani nasema wangapi walikufa? Nasema: Wajerumani walitoa 75,000, Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa, na mimi namwona Gwassa kuwa karibu zaidi kwa sababu aliihesabu njaa. Inachukua dakika mbili zaidi ya kusema namba moja. Mtihani haujawahi kumwadhibu mwanafunzi wangu kwa hilo.

Hivi sasa ninafuata mnyororo mwingine. Imeandikwa mara nyingi kwamba Pori la Akiba la Selous ni zao la Majimaji: vita na njaa viliwaondoa watu, mbung'o na tembo wakachukua nafasi yao, na ndiyo sababu kusini kuna pori kubwa namna ile, ambalo sehemu yake ya kaskazini ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Ni maelezo mazuri na yana ukweli ndani yake. Lakini zipange tarehe. Gavana Hermann von Wissmann alitenga eneo la wanyama Rufiji mwaka 1896, miaka tisa kabla ya pamba kung'olewa Nandete. Jina la Selous, la yule mwindaji Mwingereza aliyeuawa Beho Beho Januari 1917, lilikuja 1922. Na katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa Liwale kwa hoja ya ugonjwa wa malale, huku C. J. P. Ionides wa idara ya wanyamapori akiwa miongoni mwa waliosukuma hifadhi ipanuke. Sentensi inayoruka kutoka 1907 hadi kwenye tembo inawaruka watu hao waliobeba mizigo yao vichwani karibu miaka arobaini baada ya vita kwisha.

Nataka kujua nani aliiandika sentensi hiyo kwanza. Kama mnyororo wake unaishia kwa wanahistoria waliohesabu vijiji vilivyopotea, nitaipokea kwa namna moja. Ukiishia kwa maofisa wale wale waliohamisha watu, nitaipokea kwa namna nyingine, maana wao walikuwa na faida ya kusema pori walilikuta tupu. Ripoti za mwaka za idara ya wanyamapori za miaka ya 1930 na 1940 ziko kwenye orodha yangu ya maombi maktaba. Nitaanza nazo shule zikifungwa Desemba.